Aliyeitika Mahali pa Ngoma

Ukiondoa sauti ya mwimbaji kwenye wimbo, kisha ukaondoa na vyombo vyote, hakitakiwi kubaki kitu. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Mshenga aliifanya kila siku ya kazi, na kila siku jibu lilikuwa kimya. Alasiri ile jibu halikuwa kimya. Kilibaki kitu, na kitu hicho kilikuwa kinapumua.

Jina la Mshenga alipewa na watu wa mtaa, na lilimkaa kama shati la kupimwa. Kazi yake ilikuwa kuozesha nyimbo. Aliuchukua wimbo mmoja, akaupitisha kwenye programu ya kompyuta iliyotenga sauti upande huu na vyombo upande ule, akaufanyia wimbo wa pili vivyo hivyo, halafu akaiposea sauti ya huyu vyombo vya yule. Mzee aliyeimba huzuni yake miaka arobaini iliyopita alijikuta amekabidhiwa midundo ya vijana wa juzi, na mara nyingi walielewana kuliko alivyoelewana na bendi yake mwenyewe. Ndoa nyingine zilivunjika kabla ya ubeti wa kwanza kwisha, na hapo mkewe alipaza sauti kutoka jikoni, "Baba Chiriku, hao waachanishe, watauana!"

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha nyumba yao, kisicho na dirisha, kuta zake zimefunikwa magodoro makuukuu na trei za mayai ili makelele ya nje yasiingie. Ukifunga mlango mule, mchana na usiku ni kitu kimoja.

Chiriku alikuwa binti yao wa pekee, aliyepatikana baada ya miaka ambayo mama yake aliacha kuhesabu. Alikuwa na umri wa miaka sita na mdomo usiokauka. Alizungumza na ufagio, alizungumza na viatu vyake, na akilala alizungumza na watu wa ndotoni, tena kwa kuwakatiza. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, kwa hiyo kila alipotamka "s" ilitoka na mluzi mwembamba. Mama yake alijifanya kuchoshwa na maneno yake, lakini akichelewa kurudi shuleni alikuwa wa kwanza kusema nyumba imekuwa kaburi.

Basi, alikuja muuza vitambaa wa barabara ya pili, mwanamke mnene mwenye heshima zake, ameshika kaseti iliyofungwa kwenye leso.

"Ni sauti ya marehemu mama yangu," alisema. "Tunakutana ukoo mzima, mwanangu. Nataka vijana wacheze, lakini anayeimba awe yeye."

"Kazi ndogo hiyo, mama. Mna nyimbo ngapi humu?"

"Mmoja tu. Yeye na ngoma moja. Yeye anaita, ngoma inaitika." Aliikunja leso, akaikunjua. "Ila mwenyewe hakupenda uimbwe bila ngoma yake. Tukiuanza jikoni kwa mzaha, alitufinya mpaka tunalia."

"Wazee na mambo yao!" Mshenga akacheka.

"Ndiyo hivyo," alijibu muuza vitambaa, akatazama pembeni. Aliaga haraka, hata chai aliyokaribishwa hakuingoja.

Mshenga aliiweka kaseti kwenye redio ya zamani iliyounganishwa na kompyuta. Wimbo ulipita wote mara moja, ukaingia salama. Sekunde ile ile ulipokwisha, redio ikaimeza kanda, ikaitafuna, na alipoivuta ilitoka vipande vipande. Alijikuna kichwa akiwaza atamwambia nini mwenye mali. Hata hivyo wimbo ulikuwa kwenye kompyuta, na hilo lilimtosha.

Ulikuwa wimbo wa ajabu kwa uchache wake. Mwanamke anauliza, taratibu, bila kusihi: *Uko wapi, mgeni wangu, uko wapi?* Kisha ngoma inajibu mapigo matatu mazito. Anauliza tena. Mapigo matatu. Hakuna ubeti mwingine.

Aliutenga. Sauti ikaja upande wake safi kabisa, ngoma upande wake. Kisha akafanya alichozoea kufanya ili kujua kama programu haikuacha kitu njiani: alichukua wimbo mzima, akauondolea sauti, akauondolea ngoma, akavaa hedifoni asikilize mabaki. Hapo ndipo aliposikia pumzi. Haikuwa pumzi ya mwimbaji, maana ilivutwa hata pale mwimbaji alipokuwa katikati ya neno. Ilikuwa nzito, yenye subira, na ilikaa karibu na sikio lake kuliko sauti yoyote aliyowahi kurekodi.

Alivua hedifoni. "Kanda kuukuu," alijiambia, "lazima ikwaruze." Akafuta mabaki. Na kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa imejaa pomoni, akafanya na lile alilolifanya kwa kila wimbo akishautenga: akaufuta wimbo mzima wenyewe. Nani anahifadhi gunia akishatoa mchele? Hivyo ndivyo alivyowaza, na hakuna mtu wa fani yake ambaye angewaza vingine.

Aliiposea sauti ya marehemu midundo ya kuchezeka. Ikakaa vizuri, isipokuwa kasoro moja. Kila bibi alipouliza *uko wapi*, pale palipokuwa na ngoma palibaki pengo. Midundo mipya ilipita chini yake bila kulijaza. Ilikuwa kama kumsikia mtu akibisha hodi kwenye nyumba yenye watu na wote wamenyamaza.

Chiriku aliingia na sare ya shule, kiatu kimoja mguuni.

"Baba, huyu bibi anamwita nani?"

"Mgeni wake."

"Mbona haitikiwi? Si vizuri. Mwalimu kasema ukiitwa uitike."

Mshenga akatabasamu. Alimwinua akamkalisha kwenye kiti mbele ya maikrofoni. "Haya, muitikie wewe."

Bibi akauliza. Chiriku akavuta pumzi, akapaza sauti na mluzi wake wote: "Nipo hapa! Nakusikia!"

Looo! Wimbo ukakamilika. Mshenga mwenyewe alisimama akapiga makofi. Mama Chiriku alikuja na mwiko mkononi, akacheza kuanzia mlangoni mpaka kwenye kompyuta na kurudi, na wote watatu wakaimba, bibi akiita na mtoto akiitika. Baada ya hapo nyumba ile haikucheza tena.

"Kuna kitu kinaungua jikoni?" Mshenga aliuliza walipotulia. Ilikuwa harufu ya ngozi, ngozi ya ngoma inayopashwa moto ikaze.

"Jiko lenyewe sijaliwasha," mkewe akasema.

Jioni Chiriku alikuwa anaoga. Mama yake, akikunja nguo sebuleni, alimsikia akisema, "Nipo!" Akadhani anacheza. Akasikia tena, "Nipo hapa!" Akaenda, akafungua mlango wa bafu.

"Unaongea na nani?"

"Bibi ananiita."

"Bibi yupi? Mimi sijasikia kitu."

"Wewe hukuitwa," mtoto akajibu kwa upole, akaendelea kujimwagia maji.

Asubuhi aliamka, akaja mezani, akafungua mdomo kusema habari za ndoto zake, na hakikutoka kitu. Midomo ilicheza, ulimi ulicheza, mikono ikaeleza kwa fujo kama kawaida yake. Sauti haikuwepo. Mwanzoni walidhani ni utani. Kisha akajikwaa kwenye kizingiti, akapasuka goti, akalia kwa uso wote, na wazazi wake wakamwona akilia mbele yao kama mtu aliye nyuma ya kioo kinene. Mama Chiriku alimkumbatia akalia kwa niaba yake.

Daktari alimulika koo, akaomba vipimo, akavitazama mara mbili. "Koo ni zima. Sijui niwaambie nini," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba hasemi uongo.

Walirudi nyumbani mchana. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, majenereta ya maduka yananguruma. Chiriku alikuwa amesinzia begani mwa mama yake, shavu limebanwa, mdomo umefumbwa. Mshenga alikuwa ndiyo kwanza anatafuta ufunguo mfukoni aliposikia, kutoka ndani ya nyumba iliyofungwa, kutoka kile chumba kisicho na dirisha, sauti ya binti yake ikisema kwa furaha na kwa mluzi wake, "Nipo hapa! Nakusikia!", na akamtazama mtoto begani, kisha akamtazama mkewe, na mkewe akamtazama yeye, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama mwenzake amesikia. Aliingia peke yake, akatembea ukumbini huku mkono mmoja ukishika ukuta, harufu ile ya ngozi ikizidi kila hatua mpaka ikamkaa kooni, akausukuma mlango wa studio na kukuta kompyuta imezima, spika zimezima, taa ya maikrofoni imezima, na kwenye giza lile, mahali pa urefu wa mtoto wa miaka sita aliyekalia kiti, pumzi aliyoifuta kwa mkono wake ikivutwa na kuachiwa, ikivutwa na kuachiwa, kwa subira ya mtu aliyekwisha kufika.

Alimkuta muuza vitambaa dukani kwake, anapima shiti. Mwanamke alipomwona tu, mkasi ukamdondoka.

"Mama, ile ngoma ilikuwa ya nini?"

"Mwanangu..."

"Mtoto wangu hasemi. Ile ngoma ilikuwa ya nini?"

Mwanamke alikalia marobota. "Mama alikuwa naye toka msichana. Huyo... huyo mgeni. Waganga wote walimshindwa. Mwishowe akapatikana mmoja, akamfundisha mama kumwita, na kila akija ngoma inamjibu badala ya mtu, inamfunga palepale. Mama aliporekodiwa, mgeni naye akaingia kwenye ile kanda. Tukaambiwa mradi sauti na ngoma viko pamoja, hatoki."

"Ukaniletea mimi nivitenganishe!"

"Nilijiambia ni mambo ya wazee. Nilitaka tu kumsikia mama yangu akiwa na furaha, kwa nini hilo liwe kosa?" Akajifunika uso na shiti. "Nisamehe, baba. Nisamehe."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu alificha maradhi yake, na kifo kikaenda kuumbua nyumba ya mwingine.

Muuza vitambaa ndiye aliyewapeleka kwa Mtaalamu, mganga wa mambo hayo. Huyu alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mwenye viatu vinavyolia kwik-kwik, na simu iliyokatiza maombi yake kila mara. Alikuja nyumbani kwao na ubani, akakizunguka chumba cha studio, na mzaha ukamwisha taratibu. Alipomaliza mzunguko alikuwa ameshazima simu.

"Huyu hana ugomvi na nyie," alisema kwa sauti ya chini. "Aliitwa, akaitikiwa. Kwake yeye, anayeitika ndiye anayeingiwa. Nisikilizeni vizuri, na wewe mama hasa. Akiita, kwa sauti yoyote ile, hata ya mtu mnayempenda kuliko roho zenu, msiitike. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa," Mama Chiriku akanong'ona.

"Sasa, wimbo wenyewe, ule mzima, uko wapi?"

Mshenga alitazama sakafu. "Niliufuta. Na kanda imekatika. Ila sauti ninayo, na ngoma ninayo. Naweza kuviunganisha vikawa vilevile."

"Vilevile kabisa?"

Mshenga aliyakumbuka mabaki aliyoyafuta. Aliwasha kompyuta. Kazi aliijua: akaiweka sauti mahali pake, ngoma mahali pake, akamng'oa Chiriku kwenye pengo. Mtoto alikuwa kwenye mapaja ya mama yake, macho yamemtoka. Ubani ulitanda. Bibi akauliza, *Uko wapi, mgeni wangu, uko wapi?* Ngoma ikajibu mapigo matatu, na hewa ya chumba ikajikaza, masikio ya wote yakaziba. Akauliza mara ya pili. Mapigo matatu. Mtaalamu alianza kutikisa kichwa cha kukubali, kwa matumaini, Mama Chiriku akaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo, na wimbo ukasimama wenyewe katikati.

"Mmenirudishia mlango," ilisema sauti ya Chiriku kutoka kwenye spika, na kila "sh" ikapigwa mluzi. "Mmenirudishia na komeo. Chumba changu kiko wapi, baba?"

Mtaalamu alimwonyesha Mshenga kidole mdomoni: usijibu. Lakini ile ilikuwa sauti ya mwanawe, na ilikuwa imemwita baba.

"Nilikifuta," alisema Mshenga, machozi yakimtiririka. "Sikujua. Nilidhani ni makelele ya kanda."

"Basi nitakaa nilipoitikiwa."

"Mwachie mtoto! Chukua yangu. Chukua sauti yangu, yake itoke humo, irudi kwa watu wake!"

"Funga mdomo, wewe!" Mtaalamu alipiga ukelele, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Spika zilicheka kicheko cha Chiriku, kile cha kutekenywa, kirefu, kitamu, ambacho wazazi wake walikuwa wamekitamani kuliko chakula, na kicheko kikatoka kwenye spika ya kushoto kikaenda ya kulia, kikashuka sakafuni, kikapanda kwenye kiti cha Mshenga, kikampita shingoni kama pumzi ya mtu anayenong'ona siri, na kikakatika. Harufu ikaondoka. Mtaalamu naye akaondoka, bila kudai chochote, na viatu vyake vilisikika vikilia kwik-kwik mpaka mwisho wa mtaa, kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia.

Mama Chiriku alimshika mtoto mashavu. "Sema, mwanangu. Ameshakwenda. Sema neno moja tu."

Chiriku alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mshenga akageuka kumtuliza mkewe. Alitaka kusema, "Subiri kidogo, Mama Chiriku." Maneno yakatoka yote, sawasawa, kwa sauti ya msichana wa miaka sita, na lile neno la kwanza likatoka na mluzi wa mapengo mawili. Mshenga alikuwa na meno yake yote.

Mkewe alipiga yowe lililoleta majirani.

Tangu hapo Mshenga aliacha kusema. Kompyuta aliipasua kwa nyundo, redio akaitupa jalalani, na hakuna kilichobadilika. Wateja waliokuja waliambiwa kwa ishara kwamba amefunga kazi. Mtaani wakasema anaumwa koo. Usiku alilala akiuma kona ya shuka ili asije akaweweseka, maana mara moja aliweweseka, na mkewe aliamka akakimbilia kitanda cha mtoto huku akicheka kwa furaha, akamkuta amelala kimya, mdomo umefumbwa.

Chiriku alikula, alivaa, alikwenda alikopelekwa. Aliacha kuzungumza na ufagio hata kwa midomo. Alipenda kukaa chini, mgongo ukutani, akiwatazama wazazi wake kwa zamu. Macho yake yalikuwa na subira ambayo mtoto yule hakuwahi kuwa nayo.

Mama Chiriku alistahimili alivyoweza. Ilifika jioni moja alikuwa anakunja nguo, akashika gauni dogo la shule, akaliweka usoni. Kisha akageukia ukuta, akampa mumewe mgongo.

"Niite," alisema.

Mshenga alitikisa kichwa kwa nguvu, lakini hakuwa anatazamwa.

"Nimegeuka, sikuoni. Niite mara moja tu. Kimya hiki kitaniua, Baba Chiriku."

Alimgusa bega, akainua mikono mbele ya macho yake, akamwonyesha kwa ishara: *Unakumbuka tulivyoambiwa?*

"Nakumbuka. Sitaitika. Nataka kusikia tu."

Alimpenda mkewe, na alijua ni yeye mwenyewe aliyeifanya nyumba yao kuwa hivyo. Alifumba macho.

"Mama," aliita. "Mama, uko wapi?"

Hakukusudia kusema hayo maneno ya pili. Yalikuja yenyewe. Mwanamke aliyesimama mbele ya ukuta, mwenye gauni mkononi, alijua vizuri sana alichoambiwa na Mtaalamu. Ila miaka sita hakuwahi kuitwa na sauti ile akanyamaza.

"Nipo, mwanangu," alisema. "Nipo hapa."

Kule chini Chiriku aliinua kiganja chake kidogo, akapiga sakafu mara tatu, mapigo mazito yaliyotikisa vyombo kabatini. Harufu ya ngozi ikajaa chumba. Mama Chiriku aligeuka kumtazama mumewe, uso umemjaa swali, na midomo yake ikaliuliza swali hilo lote mpaka mwisho, bila sauti.